Kulinda ghala la korosho dhidi ya moto wakati halina watu: mwongozo kwa viongozi na watunza ghala wa vyama vya msingi

Katika vijiji vingi vya Mtwara, Lindi na Tunduru, ghala la chama cha msingi cha ushirika hujaa watu kuanzia Oktoba hadi Januari hivi, wakati korosho ghafi zinapopimwa, kufungwa kwenye magunia na kupakiwa kwenda ghala kuu. Baada ya hapo hufungwa kwa kufuli na kubaki kimya kwa wiki, na pengine kwa miezi. Hufunguliwa siku chache pembejeo zinapowasili, hufunguliwa tena wakulima wanapokuja kuchukua salfa, dawa ya unga ya mikorosho, na siku zilizobaki mtu aliye karibu nalo kuliko wote ni mlinzi anayekaa nje ya ukuta. Viongozi wengi huamini kwamba jengo lisilo na watu halina hatari kubwa ya moto. Kwa upande wa maisha ya watu wana hoja. Kwa upande wa mali ya wakulima mambo ni kinyume kabisa. Palipo na watu, moto hugunduliwa na mtu wa kwanza anayesikia harufu ya waya unaoungua, naye huumaliza kwa ndoo moja ya mchanga. Katika ghala lililofungwa, moto uleule hugunduliwa mabati yakiwa yameshaanza kupinda. Kwa sababu hiyo kila tahadhari iliyomo katika mwongozo huu imepimwa kwa swali moja: je, itafanya kazi hata kama ndani hakuna mtu?

Hatua ya kwanza: andika kinachokaa ghalani mwezi kwa mwezi

Chukua daftari, ugawe ukurasa kwa miezi 12, kisha uandike kila kitu kinacholala ghalani katika kila mwezi, pamoja na kiasi chake na mahali kilipo. Wengi huandika korosho na kuishia hapo, ilhali korosho ni sehemu tu ya hesabu. Yako magunia matupu ya juti, ambayo hushika moto upesi kuliko korosho zenyewe. Ziko mashine za kupulizia dawa, ambazo huhifadhiwa zikiwa na petroli kwenye matangi yake, na pembeni yake kuna dumu la petroli lililobaki msimu uliopita. Iko mifuko ya salfa, viko viuatilifu vya maji, uko mbolea wa chama jirani ulioombewa hifadhi, na yako matambara yenye grisi chini ya mizani. Ganda la korosho nalo lina mafuta makali ambayo huufanya moto wake kuwa mgumu kuzima na moshi wake kuwasha macho na koo, kwa hiyo marundo ya korosho ghafi hayafai kuchukuliwa kama marundo ya mahindi.

Orodha hiyo ndiyo itakayoamua hatua zote zinazofuata, na ndiyo mkaguzi atakayoitaka kwanza.

Hatua ya pili: timiza matakwa ya sheria

Tanzania Bara, ukaguzi wa majengo kuhusu kinga na tahadhari za moto hufanywa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Sura ya 427, iliyotungwa mwaka 2007. Ghala haliachwi nje ya ukaguzi huo eti kwa kuwa hutumika miezi michache. Chama hupeleka maombi katika ofisi ya Jeshi ya wilaya au mkoa, hulipa tozo kwa namba ya malipo ya serikali, askari mkaguzi hufika na kuandika mapendekezo, na cheti hutolewa mapendekezo yakishatekelezwa. Kama mnajenga ghala jipya au mnapanua la zamani, pelekeni ramani kabla ya kuchimba msingi, kwa kuwa kuhamisha mlango kwenye karatasi hakugharimu kitu, na kuuhamisha ukutani hugharimu msimu mzima.

Ghala ni mahali pa kazi hata kama wabeba mizigo huja kwa siku chache, kwa hiyo linahusika pia na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Ghala linalotumika katika mfumo wa stakabadhi za ghala, ambapo mwenye mazao hupewa hati ya mazao aliyoyaweka, lina sheria yake vilevile, Na. 10 ya 2005, inayotaka mwendesha ghala awe na leseni.

Ushauri wangu ni kuomba ukaguzi wakati ghala limejaa. Mkaguzi anayekuja Machi na kukuta sakafu tupu hawezi kuona kwamba ifikapo Novemba magunia huziba mlango wa nyuma.

Hatua ya tatu: safisha mazingira ya nje na fungua njia ya gari

Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi hukauka, wakulima huandaa mashamba kwa kuchoma majani, na upepo hubeba cheche mbali. Fyeka na palilia ukanda usiopungua mita 10 kuzunguka jengo lote hadi ardhi ionekane, na urudie kazi hiyo kabla ya kiangazi kushika kasi. Angalia pia nafasi iliyo kati ya ukuta na mabati, pamoja na madirisha ya hewa: weka wavu wa waya wenye matundu madogo, ambao huzuia cheche, ndege wanaojenga viota vya nyasi kavu, na panya. Mabaki ya chaga za mbao, maboksi na magunia yaliyooza yasiegemezwe ukutani hata kwa siku moja.

Njia ya kuingilia iwe na upana wa mita 4 na geti liwe la upana huohuo, lisiwe na boriti ya juu inayoweza kuzuia gari refu. Ni vyema mtu apite na lori la tani kumi wakati wa masika kuthibitisha kwamba njia haigeuki tope, kwa sababu gari la zimamoto lililojaa maji ni zito na likizama mita mia mbili kabla ya ghala halitakuwa na msaada wowote.

Hatua ya nne: panga marundo ili moto usipate daraja

Acha mita 1 kati ya magunia na ukuta pande zote, mita 1 kati ya rundo na rundo, na njia kuu isiyopungua mita 2 inayoanzia mlango mmoja hadi mwingine. Juu, acha angalau mita 1 kati ya gunia la mwisho na kenchi za paa. Piga mistari ya rangi sakafuni ili mpakuzi aliyekuja leo kwa mara ya kwanza aone mpaka bila kuelezwa. Nafasi hizi hufanya kazi tatu kwa pamoja: zinampa mlinzi njia ya kupita na tochi, zinauchelewesha moto kuhama kutoka rundo moja kwenda jingine, na zinampa askari mahali pa kusimama na mpira wa maji.

Marundo mawili ya ukubwa wa wastani ni bora kuliko moja kubwa, hata kama nafasi inaonekana kupotea. Korosho ziwe zimekauka vizuri kabla ya kupangwa, unyevu wake usizidi asilimia 10, maana magunia yenye unyevu yaliyobanwa katikati ya rundo hupata joto na kuvunda.

Milango ya kutokea ifunguke kwa nje na isipungue miwili, katika pande tofauti. Katika siku zile chache ambazo wabeba mizigo thelathini wamo ndani, milango yote miwili iwe wazi bila kufuli wala komeo. Mtunza ghala anayefunga mlango wa nyuma ili kuzuia wizi wa korosho amweke mtu wa kuulinda badala ya kufuli.

Hatua ya tano: salfa ikae peke yake

Hapa ndipo ninapowaomba viongozi wasome polepole. Salfa ya unga, ambayo kila mkulima wa korosho anaijua kama dawa ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, ni kitu kinachoungua. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 115 hivi, kisha hutiririka sakafuni ikiwa inawaka. Mwali wake ni wa buluu hafifu, hivyo mchana, katika mwanga unaopenya mlangoni, unaweza usiuone hata ukiwa hatua chache kutoka hapo. Moshi wake ni gesi nzito kuliko hewa, hukaa chini, na ikikutana na maji ya machoni na kwenye mapafu hugeuka tindikali. Vumbi lake likipeperuka hewani katika chumba kilichofungwa linaweza kulipuka kwa cheche ndogo sana, hata ile inayotoka kwenye swichi ya taa.

Ipatieni salfa chumba chake, au banda lake lenye kuta za tofali na sakafu ya saruji, lenye hewa ya kutosha. Pasipo uwezo huo, itengeeni kona iliyotengwa kwa ukuta wa tofali kutoka sakafuni hadi juu, iliyo mbali na magunia ya juti. Mbolea za naitreti, kama CAN (kalsiamu amonia naitreti), zisikae kamwe chumba kimoja na salfa, kwa kuwa mbolea hizo huuchochea moto kwa kuupa oksijeni. Petroli na mashine za kupulizia zisikae humo pia. Matangi yamwagwe na kukaushwa mwishoni mwa msimu, na petroli ihifadhiwe nje, katika kibanda chenye kivuli na kufuli.

Mfuko uliopasuka uhamishiwe kwenye mfuko mwingine siku hiyohiyo. Unga uliomwagika ukusanywe taratibu kwa ufagio laini na beleshi la mbao au plastiki, bila kutimua vumbi, na vyombo vya chuma vinavyoweza kutoa cheche visitumike. Niliwahi kuingia katika ghala moja mwezi Septemba na kukuta vumbi la njano limetanda juu ya kenchi, juu ya kifuniko cha taa na juu ya boksi la swichi, kwa kuwa kwa miaka kadhaa wapakuzi walikuwa wakirusha mifuko kutoka kwenye lori badala ya kuishusha. Nilipitisha kidole kwenye kifuniko cha taa, kikarudi na ganda la unga wenye unene wa kucha. Taa ile ilikuwa ikiwaka.

Hatua ya sita: kata umeme, usizime taa tu

Mein swichi iwekwe nje ya ukuta, katika boksi lenye kufuli lililo karibu na mlango mkuu, ili mtu wa mwisho kutoka aukate umeme wote wa ndani na aliyefika usiku kwenye dharura aweze kuhakikisha umekatwa bila kuingia. Kuzima taa pekee hakutoshi, kwa sababu waya hubaki na umeme na panya hubaki na meno. Taa ya ulinzi ya nje na kifaa cha tahadhari viwe na laini yao yenyewe isiyopita ndani ya ghala.

Nyaya zote za ndani zipite ndani ya mabomba, taa ziwe juu ya njia na si juu ya magunia, na soketi zisiwepo kabisa sehemu ya kuhifadhia. Mizani ya kielektroniki ipate soketi yake karibu na mlango. Kazi hii apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na mkiombwa kuunganishia jirani umeme kutoka ghalani, kataeni kwa upole lakini mkatae. Kinga ya radi nayo ni ya lazima kwa jengo la mabati lililosimama peke yake uwandani, kwani mvua za kusini huja na radi wakati uleule ghala linapokuwa na korosho.

Jambo moja husahaulika. Ghala likifukizwa kwa vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini, gesi hiyo hula shaba, kwa hiyo miunganisho ya waya na vihisi vya moshi huharibika bila dalili ya nje. Vihisi vitolewe au vifunikwe kabla ya ufukizaji, na fundi akague miunganisho baada yake. Vidonge vyenyewe vikirundikwa pamoja au vikidondokewa na maji ya paa linalovuja vinaweza kuwaka vyenyewe, ndiyo maana kazi hiyo ni ya wafukizaji waliosajiliwa peke yao.

Hatua ya saba: vifaa vya kuzimia na maji

Katika ghala la kawaida la chama, weka mitungi ya unga mkavu ya kilo 6 au 9 kila mlangoni, na mingine ndani kwa namna ambayo mtu hatembei zaidi ya mita 30 kuufikia mmoja. Mtungi wa kaboni dayoksaidi uwe karibu na mein swichi. Kwa kuwa jengo hufungwa muda mrefu, mtungi mmoja ukae nje, kwenye kibanda cha mlinzi, maana mitungi yote ikiwa ndani ya mlango uliofungwa haimsaidii aliye nje. Ining'inizwe ukutani kwa kimo cha mita 1 hivi, isifichwe na magunia, mshale wa kipimo wa mitungi ya unga uwe kwenye kijani, na fundi aihudumie kila mwaka.

Ndoo za mchanga mkavu zenye vifuniko ni kifaa cha bei ndogo, na kwa salfa inayoanza kuwaka sehemu ndogo hazina mpinzani: mwagia mchanga taratibu mpaka mwali ufunikwe. Usiielekezee salfa maji ya mpira kwa nguvu wala mpulizo wa mtungi kwa karibu, kwa kuwa vyote hutimua vumbi. Maji yanayofaa ni ya mnyunyizo mwembamba kama ukungu.

Vijijini hakuna haidranti, yaani mabomba ya barabarani ya kujazia magari ya zimamoto. Tangi la lita 10,000 linalopokea maji ya mvua kutoka kwenye paa la ghala lenyewe ni uwekezaji bora kuliko mitungi kumi, mradi liwe mbali kidogo na ukuta, liwe na koki kubwa chini, na pawepo mahali gari litasimama kando yake. Gari lenye lita 5,000 linalotumia lita 500 kwa dakika hukauka ndani ya dakika 10. Muulizeni mkaguzi ni kiungio gani cha koki kinacholingana na mipira ya Jeshi, kisha kifungeni hichohicho.

Hatua ya nane: nani atajua kwamba moto umeanza?

King'ora kinacholia ndani ya jengo lililo kilomita mbili kutoka nyumba ya karibu husikiwa na panya. Kama chama kina uwezo, fungeni vihisi vinavyotuma ujumbe na kupiga simu kwa laini ya kawaida ya simu, namba zisipungue tatu: mlinzi, mtunza ghala na mwenyekiti. Kihisi cha moshi hupiga kelele za uongo kwenye vumbi la korosho, kwa hiyo katika eneo la kupakulia kihisi joto kinafaa zaidi. Aidha, mchana hewa ya moto chini ya mabati huweza kuuzuia moshi usipande hadi juu, hivyo kihisi kinachobandikwa moja kwa moja kwenye bati huchelewa, kishushwe kidogo.

Mlinzi ndiye kihisi cha kwanza cha chama, naye anastahili kuwezeshwa. Mjengeeni kibanda mita 15 au zaidi kutoka ghalani, chenye mahali pa kupikia, taa na pa kuchaji simu, kwa maana mlinzi asiye na jiko atapika kwa kuni kwenye kona iliyokingwa na upepo, na kona hiyo ni ukuta wa ghala. Azunguke jengo kwa saa zilizopangwa, aguse mlango kwa kiganja, anuse kwenye matundu ya hewa, kisha aandike saa kwenye daftari. Simu yake iwe na salio na chaji, ingawa namba ya zimamoto, 114, haitozwi.

Ufunguo uwe wa seti mbili. Nilijaribu zoezi hili mara moja: saa tano usiku tulimpigia mtunza ghala tukamwomba afungue, na tukahesabu dakika. Zilipita 50, kwa sababu alikuwa msibani kijiji cha tatu na ufunguo uko mfukoni mwake. Tangu siku ile seti ya pili hukaa kwa mwenyekiti wa kijiji, katika bahasha iliyotiwa saini, na anayeichukua huandika jina na saa.

Hatua ya tisa: soma bima yako kabla ya kufunga mlango

Bima nyingi za moto zina kifungu kinachosema kwamba jengo likikaa bila watumiaji kwa zaidi ya muda fulani, mara nyingi siku 30, kinga husimama isipokuwa kampuni imearifiwa na kukubali kwa maandishi. Kwa ghala la msimu kifungu hiki ni kikubwa kuliko kingine chochote. Pelekeni barua inayoeleza miezi ambayo ghala hufungwa, ulinzi uliopo na tarehe za ukaguzi, na msiendelee mpaka mpate jibu lenye muhuri. Hakikisheni pia kwamba jengo, magunia na pembejeo vimetajwa kila kimoja kwa thamani yake, na kwamba daftari la mlinzi na vyeti vya mitungi havitunzwi ndani ya ghala lenyewe.

Hatua ya kumi: siku ya kufunga na siku ya kufungua

Siku ya kufunga, mtunza ghala na mjumbe mmoja wa bodi wazunguke pamoja: sakafu imefagiwa, matambara yenye mafuta yametolewa, petroli imetoka, njia kati ya marundo ni nyeupe, mitungi ipo na mishale iko kwenye kijani. Baada ya kazi ya mwisho wakae nje kwa saa nzima, warudi wanuse, kisha ndipo wakate umeme na kufunga. Saa hiyo moja ni kwa ajili ya kipande cha sigara au cheche ya welding iliyojificha kwenye juti, ambayo huweza kufuka kwa muda mrefu kabla ya kuwaka.

Ghala lifunguliwe angalau mara moja kila wiki mbili, mchana, na watu wawili. Wakikuta mlango una joto, au moshi unapenya kwenye nyufa, wasiufungue, kwa sababu hewa itakayoingia ghafla inaweza kuulipua moto kuwarudia usoni. Wapige 114, wataje kijiji, njia ya kufikia, kilichomo ndani, na kama ipo salfa waseme hivyo kwanza, kisha wawaondoe watu walio upande ambao upepo unaelekea. Mlango upakwe kwa rangi maneno mawili makubwa, SALFA NDANI, na yafutwe siku salfa inapoisha, ili askari anayeyasoma usiku yawe ni kweli.